Afande wa Migongo

Siku alipokataa kumgusa mama yangu, niliapa kwamba Afande hatakanyaga tena mlango wa duka langu. Kiapo hicho nimekivunja mara nyingi, na hasira bado ninayo. Watu wa hapa Karatina wakinisikia nikimtaja hudhani ninamsifu, halafu nikiendelea kidogo hudhani ninamtukana, na wote wako sawa. Nikianza kumwelezea mtu huyu siwezi kukaa kitako. Nasimama, nashika mkasi, nauweka, natafuta futi ya kupimia ambayo iko shingoni mwangu muda wote.

Alikuwa polisi mstaafu kutoka magharibi. Kazi ilimleta huku mlimani, kazi ikaisha, yeye akabaki. Cheo chake kilikuwa koplo tu, lakini sote tulimwita Afande, hata watoto, hata mhubiri. Aliishi chini ya kiwanda cha kahawa, katika ua wenye mrenda, ile mboga ya kuteleza ya kwao, uliopandwa mpaka karibu na choo, maana alisema sukuma wiki ya huku haina mteremko. Sasa ameondoka, yuko kwa binti yake huko kwao, na ule mrenda umeliwa na kuku wa majirani.

Alichojulikana nacho ni migongo. Katika kibanda kando ya nyumba yake alikuwa amelaza mlango wa zamani juu ya kreti za soda, akautandika blanketi la kijivu. Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali. Mtu akiinama kuchuma chai akashindwa kuinuka, au akibeba gunia la viazi akasikia kitu kimemkata kiunoni, tulimwambia, "Enda mlangoni." Hakuna aliyeuliza mlango gani.

Alikulaza ubavu, akakunja goti lako moja, akaweka kiganja begani na kingine kwenye nyonga, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Pumua nje." Ukipumua, alisukuma. Ka! Wakati mwingine kakaka, kama mahindi ya bisi. Kisha angerudi nyuma, afute mikono kwenye suruali na kutangaza mpaka wanaosubiri nje wasikie: "Umesikia? Umerudi."

Uliorudi ulikuwa mfupa. Hilo tulilijua wote bila kufundishwa. Uti wa mgongo ni vikombe vilivyopangwa, kimoja kikiteleza unaumwa, Afande akikirudisha unapona, na mlio ndio ushahidi. Mama yangu aliamini hivyo, kaka yangu Kariuki akaamini, na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi alikuja pale na kitabu chake kwapani akaamini pia. Hatukujiuliza huu ni mfupa gani unaohama kila Jumatatu na kurudi kila Jumanne kama mchuuzi wa soko. Mtu akipata nafuu haulizi maswali, na nafuu ilikuwepo, wacha nisiseme uongo. Mimi nashona tangu asubuhi nikiwa nimepinda juu ya cherehani, na kila nilipotoka kwenye ule mlango nilitembea nikijiona mrefu kuliko nguzo ya stima. Kesho yake jioni maumivu yalikuwa yamerudi, nami nikasema mfupa umehama tena.

Lakini kabla ya mlango, kulikuwa na kwata.

Hakumgusa mtu yeyote kabla hajampigisha kwata. Uje unalia, uje umeshikwa kwapa na watu, alisimama kwenye lango akiwa ameweka mikono nyuma, akapaza sauti: "Mguu sawa! Kwa kisigino, mbele tembea!" Unatembea kwa visigino, vidole vikiangalia mawinguni, hadi kwenye mti wa parachichi. "Geuka! Kwa vidole!" Unarudi kwa ncha za vidole. Halafu anakuuliza maswali ya aibu mbele za watu: unaenda haja vizuri? Ukiketi, unasikia kitako chako ama kimekufa ganzi? Akina mama walijifunika nyuso kwa leso wakicheka. Sisi wengine tulikaa kwenye ukuta kutazama, kwa sababu hapakuwa na sinema nyingine mjini. Tulisema, huyu mzee amekosa askari wa kuamrisha, sasa anaamrisha wagonjwa. Vijana wakaanza kumwiga sokoni, "Mguu sawa, kwa kisigino!" wakianguka kwa kicheko kati ya vibanda vya nyanya.

Na yeye alituacha tucheke. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkuta ameketi basi anakula, na hata akila alisimama katikati ya ugali akazunguka ua. Alisema, "Mgongo ni kama mahabusu. Ukiifungia siku mingi inaharibika." Mtu akija akisema amelala wiki nzima ili mgongo upoe, alimfokea: "Ulale kwani wewe ni maiti? Mgongo haitaki pole, inataka kazi kidogo kidogo." Mimi alinipitia dukani karibu kila asubuhi, akabisha kwenye kioo kwa pete yake: "Fundi! Simama!" Nasimama. "Zunguka hiyo meza." Nazunguka, pini mdomoni, wateja wakinishangaa. Alikuwa ananisumbua kwelikweli, na siku asipopita nilijikuta nikitazama kioo.

Shingo hakugusa. Kijana mmoja wa bodaboda alimwomba amzungushe shingo jinsi alivyoona kwenye simu, mlio mmoja huku, mlio mwingine kule. Afande alimtoa mpaka langoni. "Shingo ni ya Mungu na ya hospitali," alimwambia. "Hapo ndani kuna mishipa inapeleka damu kwa kichwa. Ukitaka kuchezea kitu, enda uchezee pikipiki yako." Sasa sikiliza. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, redio ikisoma habari, ameshika kidevu chake mwenyewe akikisokota mpaka shingo ikasema ka, pande zote mbili. Nilipomuuliza, akasema hiyo ni yake, haina mwenye kushtaki.

Vidole navyo alivialisha, akivivuta mpaka vilie ka, mchana kutwa, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu rozari. Hapo tulifanana. Mimi pia nikiwa na wasiwasi siwezi kuviacha, na mama alinikemea tangu utotoni kwamba vitapinda kama tangawizi, vishikwe na baridi yabisi, nishindwe hata kushika sindano. Nilimpelekea Afande kesi hiyo. Akanyoosha mikono yake mbele ya mama, vidole vimenyooka kama penseli mpya. "Mama Fundi, hii mikono inalia tangu nikiwa mdogo. Iko na yabisi wapi?" Mama akasema, ngoja uzeeke. Akajibu, "Sasa nizeeke mpaka wapi?" Mama alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu. Walipendana hao wawili, kwa njia ya kuchokozana.

Kuna siku moja ambayo singeiamini kama nisingekuwepo. Nilikuwa nimeenda kumpima koti. Mlangoni alikuwa amelala mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi wa hapa hapa, anayezungumza Kikuyu kuliko Afande. Alikuwa ameumia akiinua mfuko wa saruji. Kwata alikuwa amepita vizuri. Afande akasukuma, kimya. Akamgeuza, akasukuma tena, kimya. Yule bwana akaanza kuhangaika pale juu ya blanketi. "Afande, haijalia. Haijarudi, ama? Mimi nimeharibika kabisa?" Jasho lilikuwa linamtoka. Afande akaniangalia, akapeleka mkono wake nyuma ya kiuno cha yule bwana, akaalisha kidole gumba chake mwenyewe. Ka!

"Umesikia?"

"Nimesikia! Nimesikia!"

"Umerudi."

Bwana akainuka, akajishika kiuno, akatembea mpaka langoni na kurudi, akasema maumivu yamepungua nusu. Akaenda zake akipiga mluzi. Nilibaki na futi mkononi. Afande akainua mikono nimpime kwapa, kana kwamba hakuna kilichotokea, na akaniambia koti liwe na nafasi mabegani.

Nilicheka tu wakati huo. Nilidhani ni mzaha.

Sasa mama. Mama yangu alibeba kuni na majani ya ng'ombe kwa ukanda wa kichwani maisha yake yote, na mgongo wake ulikuwa na alama zake kama njia ya mbuzi. Msimu mmoja wa baridi, ukungu ukiwa umekaa mjini hadi mchana, alianza kuumwa kwa namna mpya. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita tako la kushoto, yakaenda mpaka kwenye kidole kikubwa cha mguu. Alisema ni kama mtu anamvuta uzi kwa ndani. Mimi na Kariuki tukampeleka mlangoni, tukijua akisikia mlio mmoja atatengenea.

"Mama Fundi, mguu sawa," Afande alisema akitabasamu. "Kwa kisigino."

Mama akacheka na kuanza. Mguu wa kulia ulisimama kwa kisigino. Wa kushoto ulikataa. Aliuinua, kidole kikaanguka. Aliuinua tena, ukapiga chini, pa. Watu kwenye ukuta wakaangua kicheko, wakidhani mama anafanya vituko, maana alikuwa mtu wa vituko.

Afande hakucheka. Akamsogelea, akamwuliza sikioni swali ambalo sikulisikia, na mama akatazama chini. Ndipo akageuka kwetu, kwa sauti ileile ya gwaride, mbele ya watu wote, akasema: "Mimi sigusi huyu. Pelekeni hospitali."

Basi. Hakuongeza neno. Akaita mwingine.

Ningekueleza aibu ya siku hiyo ungekaa chini. Mama ambaye amemletea maziwa ya bure miaka na miaka, amekataliwa kama mlevi kwenye lango la kanisa. Kariuki alifoka njia nzima. "Ati hospitali! Watu wanaenda hospitali na mfupa imetoka mahali? Wataweka eksirei, watampatia dawa ya maumivu, mfupa ibaki huko huko nje. Huyo mtu anajifanya." Nilikuwa na hasira kama yake. Na mama, ambaye ndiye alikuwa na haki ya kukasirika, alisema tu amechoka na anataka kulala.

Kesho yake Kariuki alimpeleka Kutus, kwa kijana mnyoosha migongo ambaye alikuwa amevuma kwenye simu za watu. Kijana huyo alikuwa na kitanda cha ngozi, taulo nyeupe na kinasa sauti cha kubandika karibu na mgongo ili mlio usikike vizuri. Kwata hakuwa nayo. Kati ya yote ambayo Afande aliyafanya, dunia nzima ilikuwa imeiga ule mlio tu. Kariuki alinitumia video. Mama analia "Ngai!" na mgongo wake unapasuka kama kuni mbichi motoni, na kijana, akimwita bibi kwa Kikuyu, anasema, "Umerudi, cucu, umerudi wote." Na mimi hapa dukani nikapiga makofi peke yangu. Tulifurahi kweli. Mlio mkubwa namna ile, tungekosaje kufurahi?

Jumapili mama alilowesha kiti kanisani bila kujua. Alisimama kuimba na jirani yake akamfunika na shuka. Kufikia jioni alikuwa kwenye wadi Nyeri, na usiku huohuo wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye macho ya usingizi, alituketisha akatueleza. Hakuna mfupa uliotoka mahali. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, hicho ndicho kilikuwa kimepasuka, kikabana mishipa ya fahamu inayoamrisha miguu na kibofu. Kariuki akamuuliza, je, ni yule wa Kutus aliyemuumiza? Akasema hawezi kuapa, huenda ingetokea hata angelala nyumbani. Lakini wangemwona mapema, mguu ungekuwa na bahati zaidi. Kibofu kilirudi polepole. Mguu wa kushoto haukurudi wote. Mama anatembea, ashukuriwe Mungu, kwa mkongojo, na mguu unaburuta.

Nilienda kwa Afande nikiwa bado na harufu ya wadi kwenye nguo. Nilimkuta akizunguka mrenda wake.

"Ulijua," nilimwambia. "Ile kwata. Ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema? Ungetuambia mama yuko na shida ya mishipa, tungeenda!"

Akanieleza akitembea, nami nikimfuata nyuma kama askari. Zamani alianguka kutoka kwenye lori la kazi, akalala hospitali miezi, na mama mmoja wa mazoezi aliyekuwa akimfundisha kutembea upya alimfundisha pia kupima wengine: visigino, vidole, haja. Kila asubuhi wadi nzima. Kunyoosha alijifunza baadaye, kwa mtu mwingine. Hiyo kwata ndiyo kazi, alisema. Huo mlio si kitu.

"Si kitu vipi?"

"Ni hewa, Fundi. Kwa kiungo kuna majimaji. Ukivuta haraka, hewa inafanya pu. Hujawahi kutoa gambuti kwa matope? Mfupa haijaenda mahali. Mfupa ya mgongo ikitoka mahali kweli, hutakuja kwangu kwa miguu."

Nilisimama. "Na hiyo 'umerudi, umerudi' yote?"

Akaalisha vidole. "Mtu anakuja anaogopa mgongo yake. Ameshika kiuno kama yai. Akisikia mlio anaacha kuogopa. Akiacha kuogopa anatembea, akitembea anapona. Sasa nimwambie ati ni hewa? Atalala tena."

"Mama yangu alisikia mlio, Afande! Alisikia mingi kuliko watu wako wote! Ndiyo maana tulikaa nyumbani tukingoja apone. Ni wewe ulitufundisha mlio ndio dawa!"

Akaacha kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama mahali pamoja. Niliondoka nikamwacha hapo kwenye mboga zake, na niliapa kile kiapo kwa mara ya pili.

Baadaye alikuja kumwona mama. Alileta kuku, akaketi kwenye kiti cha chini, na mama akamwambia, "Wewe ulinikataa mbele ya watu." Akasema, "Nilikukataa vibaya, Mama Fundi." Mama akamsamehe hapohapo, akamkaangia yule kuku. Mama ni mwepesi hivyo. Mimi si mwepesi. Lakini nakiri, tangu siku ile aliacha kusema umerudi. Watu wakimuuliza, alisema, "Ni hewa imetoka, sasa amka utembee," na wengi wakamhama wakaenda Kutus.

Nimfikishe mwisho. Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, alinitumia suruali yake ya kijivu nimshonee pindo. Niliigeuza mezani. Mguu wa kulia pindo lilikuwa zima. Wa kushoto lilikuwa limelika, na si kwa nyuma kama suruali ndefu zinavyolika, bali mbele, penye kidole. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa nguo hawezi. Viatu vyote vya mama vya mguu wa kushoto vimelika pale pale.

Nilishona lile pindo. Alipokuja kuichukua akaivaa nyuma ya pazia, nikafunga mlango wa duka.

"Afande," nikasema. "Mguu sawa."

Akacheka. "Fundi, wacha mchezo."

"Kwa kisigino. Mpaka kwa cherehani."

Aliniangalia, na ule uso wa polisi ukamtoka wote, akabaki mzee tu. Akatembea. Kulia, kisigino. Kushoto, pa. Kulia. Pa.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na unasikia kitako? Haja?"

"Ganzi imeanza," alisema polepole. "Juzi." Halafu akajishika kwenye meza ya kukatia, akanigeuzia mgongo. "Weka goti hapa kiunoni. Shika mabega, vuta. Mara moja tu, Fundi. Najua ni hewa. Nataka tu niisikie."

Mungu wangu, jinsi nilivyotaka kumvuta! Mkono wangu ulikuwa umeshaenda begani. Mtu aliyejua kuliko sisi sote, na hofu ilikuwa imemrudisha pale pale tulipokuwa sisi. Nikautoa mkono. Sikupaza sauti. Nilimzunguka nikasimama mbele yake, nikamwambia karibu na uso, "Sikugusi, Afande, kwa sababu mishipa yako imebanwa kama ya mama, na leo bado kuna muda. Twende Nyeri."

Nilimpigia mama simu kumwambia duka nimefunga na kwa nini. Akasema, "Mpeleke. Na msipitie Kutus."

Tukakaa kwenye benchi nje tukingoja gari ya jirani. Sikuweza kutulia, na bila kufikiri nikaanza kualisha vidole vyangu, mkono ukiwa nyuma yake kwenye egemeo la benchi. Ka. Afande alikuwa amefumba macho. Alinyoosha mgongo kidogo.

"Hiyo ni vidole," alisema.

"Ni vidole."

"Lakini nimesikia nafuu."

Gari ikafika. Alisimama, akashika kitambaa cha mguu wa kushoto, juu kidogo ya lile pindo nililolishona, akauinua mguu kwa mkono wake mwenyewe na kuuingiza ndani.